Aliyetushikisha Uzi

Siku hiyo tulikuwapo hawa: baba mkubwa Wachira, kaka wa marehemu baba yetu, aliyekalia kiti pekee chenye mgongo, mkewe, aliyezihesabu sufuria zetu kwa macho, shangazi Muthoni, aliyekuja kwa miguu kutoka Wamagana, mzee wa kanisa na Biblia yake iliyofungwa kwa kitambaa, ndugu zangu watatu, Wambui, Kariuki na Nyawira, walioketi wamebanana kama wanaosubiri chanjo, na mimi, Ndirangu, mkubwa wao, niliyesimama kwa kukosa pa kukaa. Mama alikuwa amezikwa siku nane kabla. Baba alimtangulia kwa miaka mitatu. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, alisimama jirani yetu wa juu ya kilima, mwanamke ambaye soko zima la Giakanja lilimwita Mama wa Sufu. Hakuna aliyemwalika.

Nimemtaja mwisho, lakini habari hii ni yake.

Kikao kilikuwa cha kugawana watoto. Wambui angeenda kwa shangazi. Kariuki angeenda kwa baba mkubwa kuchunga ng'ombe. Nyawira, aliyekuwa na miaka sita, angepelekwa kwa binamu ya mama huko Nanyuki, mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimeacha shule tangu mama alipolala kitandani, kwa hiyo mimi ningejitafutia. Nikasema hapana, tutakaa hapa wote wanne.

"Utawalisha nini, nyasi?" baba mkubwa aliniuliza. "Mimi niko na saba wangu nyumbani na bado nimesema nitachukua mmoja. Wewe uko na nini?"

Ndipo Mama wa Sufu alipoingia, akatoa kikapuni shada la uzi, yaani uzi uliozungushwa kama pete kubwa, akamsimamia baba mkubwa mbele. "Hebu nishikie hapa kidogo. Nyoosha mikono."

Mtu akiambiwa hivyo kwa ghafla, hunyoosha. Akamvika shada kwenye viganja viwili, akashika ncha, akaanza kuukunja uzi kuwa donge, polepole sana. Mtu aliyevikwa uzi namna hiyo hawezi kumnyooshea mwenzake kidole, hawezi kupiga meza, hawezi hata kujikuna pua. Akiteremsha mikono, uzi unachanganyika, na hakuna mwanamume anayetaka kuonekana ameharibu uzi wa mwanamke mbele ya mzee wa kanisa.

"Wachira," alisema huku akikunja, "huyu mkubwa nampa kazi. Sufu yangu imenishinda. Waache hawa wanne pamoja hadi Desemba. Wakikosa chakula au ada ya shule, njoo uwagawe, na mizigo yao nitakubebea mimi."

Baba mkubwa aliitazama mikono yake mwenyewe. "Hii uzi inaisha saa ngapi?"

"Ukikubali."

Mzee wa kanisa ndiye aliyecheka kwanza. Kisha shangazi. Mwishowe baba mkubwa naye, kwa shida, kama mtu anayetolewa mwiba. Tukapewa hadi Desemba.

Baadaye niligundua kwamba hiyo haikuwa hila aliyoibuni siku ile kwa ajili yetu. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kuishi na watu. Mtu yeyote aliyepanda kilima kumletea ugomvi alikuta mikono yake imevikwa uzi kabla hajamaliza salamu. Niliwaona wanawake wawili waliogombania mpaka wa shamba la viazi wakishika mashada, mmoja kulia kwake na mwingine kushoto, huku akikunja la huyu kidogo na la yule kidogo, hadi wakaanza kulalamikia mabega badala ya mpaka. Niliwahi kumwona mwinjilisti akihubiri akiwa ameshika uzi. Aliniambia baadaye kwamba hayo ndiyo mahubiri mafupi zaidi aliyowahi kutoa.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi. Nilijua gurudumu lake. Lilikuwa gurudumu la mbao la kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, na lilitoka kwenye shamba la mzungu upande wa Mweiga alikofanya kazi za nyumbani. Uhuru ulipokuja na mzungu akauza shamba, kila mfanyakazi aliambiwa achague kitu kimoja. Wenzake walichagua vitanda na meza. Yeye alichagua gurudumu alilokuwa akilipangusa vumbi miaka yote na ambalo mke wa mzungu alimfundisha kulitumia siku za mvua. Akalibeba mgongoni hadi Giakanja kwa ukanda wa kichwani, kama kuni, na njia nzima watu wakamwuliza ile baiskeli yake tairi la pili limeenda wapi.

Alikuwa anaogopa kondoo. Hilo naomba lieleweke vizuri: mwanamke aliyejulikana kote Tetu kwa sufu alikuwa anaogopa kondoo, hasa madume. Tulipokwenda kununua sufu kwenye mashamba ya upande wa Naro Moru, alibaki nje ya lango na kunituma mimi. "Angalia ya mgongoni na mabegani," alinipigia kelele kutoka kwenye barabara. "Ya tumboni waachie wenyewe!" Dume likigeuza tu kichwa, yeye tayari yuko ng'ambo ya mtaro.

Tena hakujua kufuma sweta. Alisokota uzi ambao wanawake walikuja kuutafuta kutoka Othaya na Karatina, lakini akipewa sindano mbili za kufumia, alizishika kama vijiti vya kupigia nyoka. Sweta aliyovaa mwenyewe ilikuwa ya dukani, ya kijani, yenye kiwiko kilichotoboka. Nilipomwuliza haoni aibu kuivaa sokoni, alishangaa. "Kwani mwenye ng'ombe lazima awe mpishi wa chai?"

Kiswahili chake alikiweka kwa ajili ya wageni tu, nacho alikisema kwa sauti ya juu sana, kana kwamba kila mtu asiyejua Kikuyu ni kiziwi. Wateja wa namna hiyo walikuwa polisi na walimu waliohamishiwa kwetu kutoka magharibi, na wazungu wachache waliopita wakienda kupanda mlima. Hao wa mlima aliwapenda kwa sababu hawakujua baridi inayowangoja. "Wewe nakufa huko juu!" aliwaambia kwa furaha kubwa, akiwaonyesha soksi alizofumiwa na Wambui wetu. "Nunua mbili. Moja ya kukufa, moja ya kurudi." Walinunua.

Rangi zake zilitoka jikoni na porini. Magome ya muwati yalimpa kahawia. Maganda ya vitunguu yalimpa manjano ya jua la asubuhi, na ili ayapate alifagia chini ya meza za wauza vitunguu kila jioni ya soko, bila kuombwa. Wauza vitunguu walidhani ni mama mwenye roho safi. Mama huyohuyo hakuweza kusimama kwenye foleni. Aliyenikalisha mimi juma zima nikichana sufu kwa brashi mbili za misumari, hadi nywele zote za sufu zielekee upande mmoja, akinihubiria subira, alikuwa akifika posho mill, kwenye kinu cha kusagia mahindi, na kupita watu wote hadi mbele, akisema ameacha kitu jikoni. Nilimwuliza ameacha nini. "Jiko," alisema.

Kazi yenyewe ilinishinda mwanzoni, na ilinishinda kwa sababu iliyowashinda wengi kwetu. Sisi tulikua tukiwaona mama zetu wakisokota kamba za kufumia viondo, vikapu vya kwetu. Nyuzi za magome huviringishwa juu ya paja kwa kiganja, kwa nguvu, maana kamba ya kiondo inapaswa kubeba viazi. Basi mikono yetu ilijua kusokota kwa namna hiyo moja tu. Uzi wangu wa kwanza wa sufu ulitoka mgumu na mwembamba. Ungeweza kufungia mbuzi.

"Mkono ulegee!" alinikemea. "Hujashika mwizi."

"Nikilegeza unakatika."

"Ukikatika unaungwa. Hii si kiondo, Ndirangu. Kiondo hubeba viazi. Hii inabeba hewa. Ndani ya sweta kinachompasha mtu joto ni hewa. Sasa wewe hewa umeikamua yote, mwenye sweta atavaa nini?"

Ilinichukua miezi miwili kuielewa sentensi hiyo kwa vidole.

Vijana wa rika langu walikuwa wakipita kwenda kiwanda cha kahawa, nami niko barazani nakanyaga gurudumu. Kuna siku walisimama wanne. "Ndirangu, uliolewa lini? Mbona hatukualikwa?" mmoja alisema. Mwingine akauliza kama nimeshaanza kubeba kuni. Nilitaka ardhi ipasuke. Mama wa Sufu alitoka jikoni akifuta mikono.

"Kweli, mlisahaulika," aliwaambia. "Poleni. Wewe mwenye mdomo, njoo ukae, tukupe zawadi ya harusi. Hapa kuna sufu. Ukitoa uzi wa urefu wako bila kukatika, nakuchinjia kuku."

Aliketi. Ulikatika. Akajaribu tena, ukakatika. Wenzake, ambao dakika moja nyuma walikuwa wananicheka mimi, walianza kumhesabia kwa sauti. Walipofika tisa alisimama, akasema gurudumu ni bovu. Mama wa Sufu akanikalisha mimi, nikasokota urefu wa huyo kijana, kisha wa wenzake watatu, na hakuna aliyeniuliza tena habari za harusi. Kuku tulimla sisi, mimi na ndugu zangu. Mama wa Sufu alisema hawezi kumrudisha kuku aliyekwisha kumtaja.

Lakini nilikaribia kutuangamiza. Ilikuwa Julai, ukungu umekaa siku nyingi na jua hatulioni. Kikundi cha akina mama wa Nyeri mjini walikuwa wamemwagiza uzi wa sweta za watoto wa shule, na fedha hizo ndizo zingekuwa ada ya Wambui na Kariuki ya muhula uliofuata. Alinipa magunia mawili ya sufu mbichi niioshe, yeye akaenda kumwona mgonjwa. Sufu mbichi ina mafuta na vinyesi, na huoshwa kwa kulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, bila kuguswa sana. Mimi nilikuwa na haraka. Nilichemsha pipa zima la maji, nikaitumbukiza yote, nikatia sabuni, nikachukua mwiko wa mti na kukoroga, kama mtu anayepika uji wa matanga. Nilikoroga kwa bidii. Kadiri ilivyozidi kuwa nzito ndivyo nilivyodhani inatakata.

Ilitoka kipande kimoja. Ilikuwa imeshikana kama ngozi, nene kama kidole, na hata uivute kwa meno hupati unyoya mmoja wa kusokota.

Nilikaa chini kando ya pipa. Nilimwona baba mkubwa akija. Nilimwona Nyawira amebeba kifurushi chake akielekea Nanyuki kwa mtu asiyemjua. Mama wa Sufu aliporudi sikuinua kichwa. Nilisikia nyayo zake zikisimama, kisha sauti ambayo sikuielewa mara moja. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika nguzo ya zizi, akateleza taratibu, akaketi kwenye matope na gauni lake la kwenda kwa wagonjwa.

"Umepika!" alisema alipopata pumzi. "Umeipika ikaiva!"

"Mama, ada ya watoto."

"Najua. Ngoja kwanza nimalize kucheka, halafu nitalia, halafu tutafikiri."

Hakufika kwenye kulia. Alipokuwa anajaribu kusimama alikanyaga ile sufu na kutulia. Akavua kiatu, akaikanyaga kwa mguu mtupu. "Lete gambuti zako," akaniambia. "Na kisu cha kukatia ngozi."

Usiku na mchana kwetu Julai ni gambuti: wapeleka maziwa, wachuma kahawa, walinzi, polisi. Na gambuti, buti hizo ndefu za mpira, ni baridi tupu. Tulichora nyayo kwa makaa juu ya ile sufu iliyoshikana, tukakata za kutandika ndani ya viatu, jozi baada ya jozi, za wakubwa kwa wadogo. Siku ya soko alizipanga kwenye gunia, akavaa jozi moja ndani ya gambuti zake na kuanza kutembea mbele ya wateja kama askari wa gwaride.

Polisi mmoja, mtu wa magharibi, mrefu sana, alisimama. "Mama, hii ni nini?"

"Hii ni moto!" alimpigia kelele. "Tia ndani ya kiatu. Wewe watoka nchi ya joto, Nyeri nakula vidole yako!"

Polisi aliketi kwenye kreti, akavua, akatia, akavaa. Watu wote tulimtazama uso. Akafumba macho kama mtu anayeomba. "Mama," alisema, "niko na wenzangu kumi na mmoja kule kituoni."

Tuliziuza zote kabla ya saa sita. Wale mama wa Nyeri alikwenda kuwaona mwenyewe, akawaambia ukweli wote, na wao nao wakacheka, wakasubiri uzi mwezi mmoja zaidi. Wambui na Kariuki hawakufukuzwa shule hata siku moja. Tangu hapo kila Julai tulipika sufu kwa makusudi.

Desemba ilifika na baba mkubwa akaja kama alivyoahidi. Aliingia uani kwetu akiwa amezika mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti. "Leo sishiki kitu," alisema kabla ya salamu. Mama wa Sufu alikuwa ameketi nasi. Akainua viganja vyake vitupu kumwonyesha. Hana uzi.

Baba mkubwa alikagua. Alifungua pipa la mahindi, akatazama ndani. Alisoma karatasi za shule za Wambui na Kariuki akiwa amezishikia mbali na macho. Alimwuliza Kariuki hesabu tatu, ya tatu ikamshinda mwenyewe kuihakiki. Nilikuwa nimesimama wima, kwa maana alitafuta kasoro kwa uaminifu, naye alikuwa mtu wa neno lake. Ndipo Nyawira, ambaye wakati huo alishajua kuchana na kukunja, akatoka ndani amekumbatia shada la uzi wa manjano.

"Baba mkubwa, nishikie. Mikono ya Ndirangu imechoka."

Alimtazama mtoto. Akamtazama Mama wa Sufu, ambaye alikuwa ghafla ameanza kuangalia mawingu. "Ni wewe umemtuma?"

"Mimi? Mimi niko hapa tu."

Akatoa mikono mifukoni. Nyawira alikunja kwa uvivu wote wa mtoto wa miaka saba, akidondosha donge, akilikimbilia, akisimulia habari za shule, za kuku, za jino lililong'oka. Jua lilifika kwenye mti wa mparachichi. Uzi ulipokwisha baba mkubwa hakuteremsha mikono mara moja. "Huyu," alisema, "Nanyuki wangemfanyia nini?" Kisha akasema tukae hapa pamoja. Hakuja tena kukagua, ila kila Julai alituma mtu kuchukua jozi saba za nyayo za sufu, na jozi ya nane ya mkewe.

Hivyo ndivyo tulivyokua, wanne ndani ya nyumba moja. Wambui alikwenda kusomea uuguzi. Kariuki alikuwa mwalimu, akapelekwa kufundisha mbali. Nyawira aliolewa Kirinyaga. Kila mmoja alipoondoka, Mama wa Sufu alishuka kilima na kupiga vigelegele peke yake, maana wanawake wengine walichelewa kufika. Mimi nilibaki na kazi. Kisha miguu yake ikaanza kuuma, binti yake akamchukua akaishi naye Mwea kwenye mashamba ya mpunga, na gurudumu akaniachia mimi.

Nilimtembelea huko baada ya miaka kadhaa. Nilimkuta kwenye kivuli cha paa la mabati, amevaa leso nyepesi, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, na mbele yake mpunga hadi macho yanapokoma. Nilikuwa nimembebea blanketi nzito ya sufu, niliyoisokota mwenyewe majuma mengi. Aliipapasa, akavuta uzi mmoja, akaulegeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanitazama.

"Blanketi. Mwea." Akaanza kutikisika mabega. "Huku hata kondoo angevua koti, wewe unaniletea blanketi!"

Tulicheka hadi binti yake akatoka kutazama kuna nini. Nilimwambia basi aniambie anataka nini, chochote, kwa maana sikuwahi kumlipa kwa ile Desemba.

Hakufikiri hata kidogo. "Nataka kuwaona wote wanne."

"Wanakusalimu wote. Wambui hata juzi..."

"Sikusema salamu. Salamu napata. Nataka wote wanne, chumba kimoja, siku moja. Nilimwomba Wachira msitawanywe. Halafu mkatawanyika wenyewe, mmoja mmoja, kwa furaha, na mimi ndiye nikawapigia vigelegele. Sasa najiuliza mlikuwa warefu kiasi gani mkisimama pamoja." Akanigusa goti. "Na isiwe mazishi yangu. Kwa mazishi mtakuja tu, hiyo haihesabiwi."

Nikaahidi. Pasaka niliwaleta Wambui na Nyawira, lakini Kariuki alikuwa anasimamia mitihani. Agosti Kariuki alipata ruhusa, na Wambui akapangiwa zamu wodini. Mara nyingine mvua ilikata barabara. Kila tulipofika alitusimamisha mlangoni na kutuhesabu kwa kidole, kama mtu anayehesabu vifaranga. "Watatu," alisema, akatukaribisha ndani kwa furaha ileile.

Mara ya mwisho alipakua wali mwenyewe, sahani tano, moja yake na nne zetu. Ya nne ilikaa imefunikwa hadi tulipoaga. Akaniwekea mikononi, ingali na joto. "Hii ni ya Kariuki. Mpelekee. Wali ni wake, lakini sahani ni yangu, na naitaka irudi nanyi wanne."

Kariuki alikula ule wali siku mbili baadaye, umekuwa mkavu, na hakubakiza punje. Nilimfikishia na maneno yale. Tangu hapo nimeandika barua tatu, moja kwa kila ndugu yangu, kupanga siku, na mbili zimejibiwa. Sahani ni ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Iko kwangu.